Mishipa mikubwa safi, basi moyo mzima?

Pemba utasikia: mama kapelekwa Dar es Salaam, kapigwa picha ya mishipa ya moyo, kaambiwa haikuziba. Akirudi Wete, shoga zake wanamwambia, "Alhamdulillahi, huna kitu, ni mawazo tu." Na huku akipanda ngazi anahema, jioni viatu havimwingii.

Picha ile, anjiografia, huonesha mishipa mikubwa inayopita juu ya moyo. Vijishipa vya chini ya nusu milimita, vilivyozama ndani ya nyama ya moyo, haivioni. Navyo ndivyo vinavyopima damu ifike kiasi gani mtu anapofanya kazi. Presha na kisukari vya miaka mingi huviharibu, visitanuke inavyotakiwa. Misuli ikikosa damu ya kutosha na kukakamaa, moyo haulegei vizuri ukajaa, damu inarudi nyuma mapafuni, pumzi zinabana. Eko nayo, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, inaweza kusoma kwamba kila pigo moyo unasukuma asilimia 50 au zaidi ya damu iliyomo, yaani kama kawaida, na bado ukawa umeshindwa kazi.

Utafiti uliochapishwa 2018 uliwapima wagonjwa 202 wa aina hii. Robo tatu yao walikuwa na hitilafu ya vijishipa hivyo. Wanawake ndio wengi kwenye maradhi haya, kwa hiyo hilo neno "mawazo" mimi silitaki kabisa.

Presha ishushwe, sukari idhibitiwe, na papa mkavu wa chumvi apunguzwe (najua, ni mtihani). Daktari aulizwe pia kuhusu empagliflozin: ni kidonge cha kisukari, lakini hupunguza kulazwa hata kwa wagonjwa wa moyo wasio na kisukari.