Paipu ya breki iliyooza haitibiwi kwa mpira na klipu

Wengi huamini kuwa paipu ya breki ya pikapu ikitobolewa na kutu, kipande cha mpira na klipu mbili, au paipu ya shaba ya friji, vinatosha. Havitoshi. Ukikanyaga breki kwa nguvu, shinikizo ndani hupita baa 100: mpira huchomoka, na shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko mpaka ipasuke.

Kwenye Hilux ya zamani paipu huwa ya milimita 4.75, nati zake M10 × 1 (uzi wa kipenyo cha milimita 10, hatua ya milimita 1). Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, kisha unga paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Valisha nati kwanza (hata mafundi wazoefu husahau), ndipo uchanue mdomo kwa kuukunja mara mbili. Mdomo uliokunjwa mara moja tu huchanika. Nati ikigoma, ilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu, na utumie spana ya nati za paipu, inayoishika nati karibu pande zote, maana ya kawaida hula kona zake. Kagua pia chini ya vibanio vya chesisi, tope linapokaa. Kutu hujificha hapo.

Mwisho toa upepo kwenye mafuta ya breki, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta (silinda kuu ya breki). Pedali ikibonyea kama sponji, upepo bado umo.