Plaia ya video mu aplikesheni: mambo tunayodanganyanaka

Vijana wanaotengeneza aplikesheni hapa Goma wananiulizaka kila mara nichukue plaia gani, ile sehemu ya aplikesheni inayocheza video, na wengi wanakuja na jibu lao tayari: chukua ya VLC juu inasoma kila kitu, kazi imekwisha.

Kusoma, inasoma kweli. LibVLC, ile plaia ya VLC ya kuweka mu aplikesheni, inabeba yenyewe dekoda zake, zile sehemu za kufungua video iliyofinywa, njo maana hata faili ya MKV ya ajabu inafunguka. Lakini huo ni mzigo, aplikesheni inanenepa kwa mamega mengi na mtu wa Birere anayenunua mega za kuhesabu akiona ule uzito anaacha. Media3, ile tuliyozoea kuita ExoPlayer, Google waliitoa 2014, yenyewe inatumia dekoda za telefone, kwa hiyo ni nyepesi. Ubaya wake unatokea palepale, telefone ikikosa dekoda, picha hakuna.

Alafu kuna ile ya "ni ya bure, haina masharti". Iko nayo! Leseni ya Media3 ni Apache 2.0, haisumbui. Ya LibVLC ni LGPL, unaweza kuiweka mu aplikesheni ya kuuza lakini ukibadilisha kodi yake, yaani maandishi ya programu, lazima uyatoe watu wayaone. FFmpeg, ile programu ya kufungua na kufinya video, pia ni LGPL, ila mtu akiijenga pamoja na x264, ile ya kufinya video kwa H.264, inageuka GPL, leseni inayodai kodi yote itolewe, na hapo mteja anayetaka kodi yake ibaki siri uko na shida naye. Uliza ile faili uliyodaunlodi ilijengwa vipi.

Na wanaosema MediaPlayer ya Android inatosha: kwa wimbo mmoja sawa, kwa DASH, ile njia ya kutuma video vipande vipande ku mtandao, haiwezi.

Sasa hii ndiyo ilinitesa mimi mwenyewe: "video ni MP4, itacheza popote". Hapana jamani. MP4 ni kiroba tu, ndani video imefinywa kwa njia mbalimbali, unaweza kukuta H.264 ya 2003, H.265 ya 2013 au AV1 ya 2018. Nilitengeneza aplikesheni ya masomo ya ushonaji, video zote nikazifinya kwa H.265 juu faili zinakuwa ndogo, kwangu zikacheza safi kabisa. Nikampelekea mama mmoja fundi wa cherehani kule Majengo. Sauti ya mwalimu inaendelea, pinda hapa, shona pale, na ule mkono mu picha umesimama tu juu ya kitambaa, telefone inachemka mpaka mama akaiweka ku meza na kupuliza vidole. Chipu yake haikuwa na sehemu ya kufungua H.265, prosesa ilikuwa inajitesa peke yake. Nikarudia zote kwa H.264, kwa ubora mdogo wa 480p, ikaisha. Plaia sikuigusa hata kidogo.

Vilevile video ikikwamakwama watu wanakimbilia kubadilisha plaia, wanajaribu tatu kwa wiki moja, na kumbe walimpa mtumiaji faili moja nzito, mtandao ukishuka plaia itakimbilia wapi? HLS, njia nyingine ya kutuma video, iliyoletwa na Apple 2009, inakata video vipande vya sekunde chache na kila kipande kiko mu ubora mbalimbali, plaia inachagua kufuatana na mtandao. Na iPhone inaielewa, wakati DASH plaia ya Apple haiisomi. Ila angalia, mtandao ukiwa mzuri plaia itapanda mpaka ubora wa juu na mega za mtu zitaliwa bila yeye kujua, kwa hiyo mu Media3 weka setMaxVideoSizeSd, ni mstari mmoja tu, picha haitafika HD.

Na kache, ile akiba ya video inayobaki mu telefone, nawaomba sana. Haiwaki yenyewe, ni wewe unaiweka. Fundi anarudia somo moja mara tano mpaka mkono uzoee, bila kache analilipia mara tano. Yule mama wa Majengo siku hizi anafungua somo la kukata kola asubuhi bila mega hata moja, limebaki mu telefone tangu jana yake.