Ripoti ya Mkemia si hukumu

Ndugu wa mshtakiwa wakinifuata nje ya Mahakama ya Kisutu, swali huwa lile lile: "Wakili, Mkemia Mkuu wa Serikali ameshasema ni heroini. Si ndiyo basi tena?"

Si basi. Maoni ya mtaalamu ni ushahidi kama ushahidi mwingine: hakimu huupima, hafungwi nao.

Wengi hudhani nabishana na maabara ya Mkemia. Mara nyingi hata sibishi kwamba unga ule ni heroini. Ninachouliza ni kama ndio uliokamatwa kwa mteja wangu. Kesi moja nilipewa kielelezo, yaani kitu kinacholetwa kama ushahidi, nikikague kabla hakijapokelewa: bahasha ya kaki, lakiri imepasuka pembeni. Askari alisema aliikabidhi maabara tarehe 14. Muhuri wa maabara ulisema 17. Siku tatu ililala wapi, na ufunguo alikuwa nao nani? Shahidi aliinamisha kichwa, asijibu. Mahakama ya Rufani ilishaeleza, katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007, kwamba safari ya kielelezo tangu kukamatwa ionekane kwenye maandishi.

Lakini wapo wanaoamini karatasi moja ikikosekana tu mtu anaachiwa. Hapana. Kwa kitu kisichoweza kubadilishwa kirahisi kikipita mikononi mwa watu, mahakama hulegeza sharti hilo la maandishi, na ushahidi wa mdomo unaoaminika unaweza kutosha. Wakili anayemwahidi mteja vinginevyo anamdhulumu.

"Alama za vidole hazidanganyi." Anayezilinganisha ni binadamu. Mwaka 2004 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walimkamata Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon, wakidai alama yake imeonekana kwenye mfuko uliohusishwa na mabomu ya treni za Madrid. Polisi wa Hispania wakagundua ni ya mtu mwingine. Alikaa ndani wiki mbili hivi, na FBI wakaomba radhi.

Vinasaba (DNA) navyo husema ni vya nani. Havisemi vilifikaje pale wala lini.

Linaloniuma zaidi ni PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumpima aliyeumizwa. Watu huichukua kama msahafu, na mshtakiwa asiye na wakili huulizwa kama ana pingamizi, anajibu "sina" kwa woga. Ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe, amuulize maswali mbele ya hakimu. Mwenye ndugu mahabusu Keko au Segerea amwambie hilo kabla ya siku ya kesi.