Ramani ya Kwenye Simu Haikijui Kiwanja Chako

Siku hizi wateja wengi wanafika ofisini kwetu na ramani ya nyumba tayari kwenye simu. Wametumiwa na ndugu: nyumba ya vyumba vitatu, sebule pana, baraza zuri. Sisi wasanifu tunauliza kwanza kiwanja kiko wapi. Kikiwa kwenye mteremko, na hapa Kigoma miteremko ndiyo mingi, ramani ile haitufikishi mbali, maana imechorwa kwa ardhi tambarare.

Chukua nyumba ya mita 12 kwenye ardhi inayoshuka mita 1 kwa kila mita 10. Kona ya juu ikikaa sawa na ardhi, ya chini inadai kunyanyuliwa mita 1.2. Hizo ni kama kozi (mistari) 5 za tofali za bloku, na hazimo kwenye makadirio yoyote ya ramani ya kuokota. Tumeona familia zikizika fedha za bati kwenye msingi. Inauma sana.

Programu za usanifu za sasa zinajenga nyumba nzima ndani ya kompyuta. Mpimaji analeta vimo vya kiwanja, yaani wapi kimepanda na wapi kimeshuka, kwa kifaa cha setilaiti au kwa droni yenye kibali, na nyumba inakalishwa juu ya ardhi ile ile. Ukisogeza ukuta, hesabu ya tofali na plasta inabadilika papo hapo. (Mipaka usiipime kwa simu, inaweza kukosea mita kadhaa.)

Faida ninayoithamini kuliko zote iko kwenye bomba la choo. Katika nyumba ya ghorofa, fundi bomba huja zege likiwa limeshakauka. Anakuta boriti ya zege imeziba njia, anashika tindo na nyundo, anatoboa, anakutana na nondo, anaikata. Kisha inapigwa plasta na hakuna anayeona tena. Sisi tunaishi kwenye Bonde la Ufa; tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga eneo la Ziwa Tanganyika. Boriti iliyokatwa nondo si ya kuitegemea siku kama hiyo. Ndani ya kompyuta, bomba na boriti vikigongana programu inaonyesha mahali penyewe, na tunahamisha bomba kabla hujanunua mfuko hata mmoja wa saruji.

Jua nalo linapimwa. Madirisha yanayotazama ziwani yana mandhari nzuri, lakini ndiyo yanayopigwa na jua la alasiri. Tunaona kivuli saa kwa saa, tunaamua urefu wa upenu.

Fundi naye anafaidika. Mpe nyumba ile kwenye simu, aizungushe kwa kidole hadi aone nondo za kona zinavyopindana. Maswali atakayouliza hapo, mjibu kabla hajachimba. Ramani zilizosainiwa na wataalamu waliosajiliwa ndizo unazopeleka halmashauri kuombea kibali cha ujenzi.