Taa ya injini inapokonyeza: maana ya namba za hitilafu kwenye magari ya michezo ya zamani

Mwenye gari la michezo la miaka ya 80 au mwanzoni mwa miaka ya 90 huambiwa neno lile lile kila anapolipeleka kupimwa: mashine haiingii. Soketi ya gari hailingani na plagi ya mashine, na kuanzia hapo kazi inakuwa ya kubahatisha. Badilisha hiki, kama bado badilisha kile. Kumbe gari lenyewe lina njia ya kusema linaumwa wapi, na njia hiyo imekuwemo tangu siku lilipotoka kiwandani. Unachohitaji ni kipande cha waya, kalamu na karatasi, na subira ya dakika chache.

Tuanze na maana. Kompyuta ya injini hupokea habari kutoka kwenye sensa mbalimbali: ya joto la maji, ya hewa inayoingia, ya mkao wa kipepeo cha hewa (kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta), ya oksijeni kwenye bomba la moshi, na nyinginezo. Kila sensa inatarajiwa kutoa umeme usiopungua wala kuzidi viwango vilivyowekwa. Umeme ukikatika au ukitoka nje ya viwango hivyo, kompyuta huweka namba kwenye kumbukumbu yake, na mara nyingi huwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Namba hiyo ndiyo namba ya hitilafu. Kompyuta za enzi hizo hazikuwa na skrini ya kuandikia, kwa hiyo wahandisi walitumia kitu ambacho tayari kilikuwa mbele ya macho ya dereva, yaani taa ile ile. Ukiiomba kwa njia yake, taa huwaka na kuzimika kwa hesabu, na wewe unahesabu mikonyezo.

California ilianza kudai magari mapya yawe na uwezo wa kujipima kwa modeli za 1988, ila haikulazimisha viwanda vyote vitumie soketi moja wala namba za aina moja. Soketi ya pini 16 tuliyoizoea leo ililazimishwa Marekani nzima kwa modeli za 1996, na Umoja wa Ulaya ukaifuata kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na lahaja yake.

Kabla ya kuomba chochote, hakikisha taa yenyewe ni nzima. Weka swichi ON bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, usifurahi. Huenda balbu imeungua, na huenda mtu aliitoa makusudi ili auze gari. Mimi huogopa zaidi taa isiyowaka kabisa kuliko inayowaka muda wote, na gari la namna hiyo silijadili bei mpaka balbu imerudishwa.

Sasa tusome. Nitachukua magari ya Toyota kwa sababu utaratibu wake uko wazi: MR2 ya kizazi cha pili, Celica na Supra za wakati huo. Chini ya boneti, au kwenye chumba cha injini nyuma ya viti kwa MR2, kuna kiboksi cha plastiki chenye kifuniko. Kifungue ukigeuze: ndani ya kifuniko kumeandikwa majina ya matundu, kila jina mahali pake. Unatafuta mawili tu, TE1 na E1. Betri iwe na nguvu, volti 11 au zaidi. Gia iwe huru, viyoyozi na redio vizimwe, na mguu usiwe kwenye pedali ya mafuta. Unganisha matundu hayo mawili kwa waya, kisha weka swichi ON bila kuwasha injini.

Taa ikikonyeza haraka haraka bila kituo, kama mara mbili kwa sekunde, kumbukumbu haina namba yoyote. Ikiwa kuna namba, mwendo hubadilika. Taa hukonyeza mara kadhaa, ikatulia kwa sekunde moja na nusu, ikakonyeza tena. Mikonyezo minne, kituo, mkonyezo mmoja: hiyo ni 41, na 41 ni sensa ya mkao wa kipepeo cha hewa. Mikonyezo miwili, kituo, miwili: 22, sensa ya joto la maji. Namba zikiwa zaidi ya moja, kati ya moja na nyingine kuna kituo kirefu zaidi, sekunde mbili na nusu, na zinatajwa kuanzia ndogo kwenda kubwa. Kisha zinarudiwa zote tangu mwanzo. Usitegemee kuzishika kwa kichwa mara ya kwanza. Irekodi taa kwa video ya simu, halafu ihesabu ukiwa umekaa umetulia.

Ni waya gani wa kutumia? Watu wengi hutumia klipu ya karatasi na inafanya kazi, lakini siipendi, kwa sababu iko wazi pande zote na kiboksi hicho kina tundu lenye umeme wa betri moja kwa moja, lililoandikwa +B. Klipu ikiteleza ikagusa +B na bodi, kitu kitaungua. Kata waya mfupi wenye gamba, menya ncha zake kidogo tu, na soma majina mara mbili kabla ya kuchomeka. Na soketi za njano za mifuko ya hewa usiziguse kabisa kwa kazi hii.

Lahaja nyingine nitazipitia kwa haraka. Mazda MX-5 ya kwanza ina kiboksi chake pia, na matundu ni TEN na GND. Mikonyezo mirefu ni makumi na mifupi ni mamoja, kwa hiyo mmoja mrefu na miwili mifupi ni 12. Honda za mwanzoni mwa miaka ya 90 zina plagi ndogo ya waya mbili upande wa abiria wa mbele, chini ya dashibodi. Za kabla yake zina kitaa kwenye kompyuta yenyewe, chini ya zulia. Nissan 300ZX ya mwanzoni mwa miaka ya 90 ina skrubu pembeni ya kompyuta: unaizungusha taratibu hadi mwisho, unasubiri sekunde mbili, unairudisha, na taa nyekundu inaanza kuhesabu. Hapo 55 maana yake hakuna hitilafu. Kwenye Corvette za miaka ya 80 unaunganisha pini A na B za soketi iliyo chini ya dashibodi, na namba ya kwanza utakayoiona ni 12, mara tatu. Wengi hushtuka bure. Hiyo 12 inasema tu kwamba injini haizunguki, na ni kweli haizunguki, kwa sababu hujaiwasha. Ni dalili kwamba mfumo wa kujipima unafanya kazi. Lakini 12 hiyo hiyo kwenye Toyota ni hitilafu halisi: kompyuta haikupata ishara ya mzunguko wa injini wakati stata inasukuma. Ndiyo maana orodha ya namba lazima iwe ya gari lako, ya mwaka wako, ya injini yako. Orodha ya gari la jirani itakupoteza.

Sehemu inayowagharimu watu fedha nyingi kuliko zote ni hii: namba hutaja njia ya umeme, haitaji kifaa kibovu. Ukiona 22 usiseme «sensa ya joto imekufa». Kompyuta haiioni sensa. Inachoona ni umeme unaorudi kwenye pini yake, na umeme huo umepita kwenye sensa, kwenye plagi, kwenye waya wenye umri wa miaka 30, hadi kwenye kompyuta. Popote katika safari hiyo pakiharibika, namba itakuwa ile ile.

Nilijifunza hilo kwa fedha yangu. Gari langu la viti viwili lilikuwa gumu kuwaka asubuhi. Lazima ulipige stata mara tatu nne, na likiwaka linatetemeka kwa dakika mbili kabla ya kutulia. Likishapata moto halikuwa na tatizo lolote. Namba ikaonyesha njia ya sensa ya joto la maji. Nikanunua sensa mpya, nikafunga, asubuhi yake hali ile ile. Ndipo nikaivuta plagi na kuitazama vizuri kwa tochi. Pini moja ilikuwa na ukungu wa kijani, kutu ya shaba, na waya wake ulikuwa umekatika ndani ya gamba, umeshikiliwa na nyuzi mbili tatu. Nilikata sentimita moja ya waya, nikafunga kichwa kipya, na kesho yake gari likawaka kwa pigo moja.

Kwa nini asubuhi tu? Kompyuta ikikosa habari ya joto haikai bila jibu, hujiwekea makadirio. Za Toyota za wakati huo huchukulia kwamba maji yana nyuzijoto 80, yaani injini tayari ina moto. Injini baridi inahitaji petroli zaidi ili iwake, lakini kompyuta inayoamini kuna nyuzi 80 inanyima. Injini ikishafika joto hilo kweli, makadirio na ukweli vinakutana, na tatizo linatoweka. Ningelijua hilo mapema ningepima kwanza. Sensa hiyo hupimwa kwa multimita: kilo-omu 2 hadi 3 ikiwa kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 hivi kwenye nyuzi 80. Ile niliyoitoa ilikuwa nzima, na bado ninayo.

Namba pia ina mipaka yake. Pete za pistoni zilizochoka, au valvu isiyofunga sawasawa, hazina sensa ya kuzisemea, kwa hiyo kumbukumbu tupu si cheti cha afya ya injini.

Waya ule ule una kazi nyingine ambayo wenye magari wengi hawaijui, nayo ni kupanga taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa. Kompyuta husogeza wakati wa cheche kila sekunde kufuatana na mwendo na mzigo. Ukizungusha distribyuta, kifaa kinachogawa cheche, huku ukitazama kwa taa ya taimingi, ile tochi maalumu ya kupimia, bila kuunganisha waya, unapima mchanganyiko wa mkono wako na maamuzi ya kompyuta. Ukiunganisha TE1 na E1 injini ikiwa na moto na iko sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, kompyuta inaacha kusogeza, na injini nyingi za Toyota zenye distribyuta zinapaswa kusoma nyuzi 10 za mzunguko, si za joto, kabla ya pistoni kufika juu kabisa. MX-5 ya kwanza nayo ni nyuzi 10, kwa TEN na GND. Halafu toa waya. Ukiusahau ndani, utaendesha gari lisilo na nguvu na utadhani umeliharibu.

Ukishatengeneza, futa kumbukumbu. Kwenye Toyota zima swichi, toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa sekunde 10 au zaidi, rudisha. Kung'oa betri nako kunafuta, ila baadhi ya redio za zamani zitakudai namba ya siri. Na usifute kabla ya kuandika ulichokisoma, kwa sababu hitilafu inayokuja na kuondoka inaweza kukaa wiki mbili bila kujionyesha tena. Kisha endesha gari kama unavyoliendesha siku zote, liache lipoe usiku kucha, uliwashe asubuhi, uunganishe tena waya na uhesabu.