Chujio la HEPA halifuliwi

Wengi tunaamini kwamba chujio la mashine ya kusafisha hewa likichafuka, dawa yake ni maji ya sabuni na jua. Kwa wavu wa mbele, ule unaonasa nywele na vumbi nene, ni kweli. Uoshe, uukaushe kabisa, uurudishe.

Nyuma yake ndipo tunapokosea. Kuna chujio jeupe lenye mikunjo kama marinda ya sketi. Hilo ndilo HEPA, chujio la kunasa chembe ndogo mno za hewani. Tunalichukulia kama chujio la chai, eti matundu yakizibuka limepona. Sivyo. Ndani ni msitu wa nyuzi nyembamba mno, na chembe ikigusa uzi hunata hapo hapo. Chembe za maikromita 0.3 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) ni kati ya zile ngumu zaidi kunasa, na hata hizo HEPA halisi hukamata asilimia 99.97. Zilizo ndogo zaidi hunaswa kwa urahisi, kwa kuwa huyumbayumba hewani mpaka zikagonga uzi. Mimi jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiria.

Maji huvuruga msitu huo. Nyuzi hushikana au kukatika, na zile zenye chaji ya umeme tuli, inayovuta chembe, huipoteza. Chujio linarudi jeupe, lakini moshi unapenya. Likibaki na unyevu, huota kuvu.

Kwa hiyo usilifue, isipokuwa kijitabu cha mashine kimesema wazi kuwa linaoshwa. Rangi ya kijivu isikutishe: ni uchafu ambao haukuingia mapafuni mwako. Hewa ikianza kutoka kwa unyonge, au muda uliotajwa kijitabuni ukifika, nunua jipya.