Uigaji wa kompyuta: kuzitabiri galaksi za kwanza kabla hazijaonekana

Usiku wa giza, ukisimama Capri Point hapa Mwanza, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Ikija mbalamwezi, taa zinapungua, maana dagaa hawazifuati tena vizuri. Anayejua mwendo wa mwezi, upepo na idadi ya mitumbwi anaweza kukadiria tangu mchana taa ngapi zitaonekana usiku. Kazi hiyo ikifanywa kwa hesabu ndani ya kompyuta, ndiyo uigaji.

Kwa galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, wanasayansi huanzia nuru ya kale iliyoachiwa miaka kama 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, mwanzo wa ulimwengu. Nuru hiyo inaonyesha ulimwengu uliokuwa karibu sawasawa kila mahali, ukitofautiana kwa kiasi cha sehemu moja kati ya laki moja. Kompyuta hupewa hali hiyo pamoja na kanuni za mvutano, kisha husogeza muda hatua kwa hatua. Palipozidi maada kidogo panavuta zaidi. Maada ya giza, isiyotoa nuru ila hujulikana kwa mvutano wake, ambayo ni karibu mara tano ya maada ya kawaida, hujikusanya kwanza. Gesi huiangukia, hupoa, na nyota huwaka.

Ugumu uko kwenye nyota. Uigaji wa Millennium wa mwaka 2005 ulifuatilia chembe za kihesabu zaidi ya bilioni 10, na kila chembe ilikuwa na uzito wa karibu Jua bilioni moja. Kwa kipimo hicho nyota moja haionekani kabisa, hivyo kuzaliwa na kulipuka kwake huingizwa kwa makadirio. Sehemu hii hurukwa na maelezo mengi, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote.

Galaksi zikishapatikana, bado si utabiri. Lazima nuru yake ivutwe kama ulimwengu unavyotanuka, hadi mara 15 kwa zile za mbali kabisa, ipunguzwe na vumbi, kisha ipimwe kwa uwezo wa darubini yenyewe. Nuru iliyovutwa hivyo hufika ikiwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho; ndiyo sababu darubini ya angani ya James Webb, yenye kioo cha mita 6.5, hupokea miale hiyo. Galaksi hafifu hubaki nje ya picha, kama mtumbwi wenye taa dhaifu ulio mbali na Capri Point: upo na unavua, ila huuoni.

Webb ilipoanza kazi mwaka 2022, galaksi ng'avu za enzi ile ya mwanzo zilizidi matarajio ya uigaji mwingi. Mojawapo, JADES-GS-z14-0, tunaiona ilivyokuwa miaka kama milioni 300 baada ya Mlipuko Mkuu. Wapo waliotangaza kwamba Mlipuko Mkuu umekanushwa, walikosea. Kinachoshukiwa zaidi ni yale makadirio ya nyota. Huenda nyota zilizaliwa kwa mikupuo, tukaona galaksi zilizokuwa zimepamba moto tu, au huenda gesi iligeuka nyota kwa wepesi kuliko tulivyodhani.

Maelezo haya mawili yanaweza kutofautishwa. Galaksi za mikupuo zingekaa hata kwenye marundo madogo ya maada ya giza, nayo yametawanyika. Zile za wepesi zingesongamana kwenye marundo makubwa. Kwa hiyo sasa kinachopimwa si mng'ao peke yake, bali pia jinsi galaksi hizo zilivyokaribiana angani.